Shajara ya upinde wa mkole wenye ncha zilizopindwa

Baada ya mvua za vuli: mti

Mradi wenyewe ni upinde wa mti mmoja, usiounganishwa kwa gundi wala kuongezewa tabaka. Urefu wake utakuwa sentimita 160 ukipimwa kwa kufuata mpindo, na ncha zote mbili zitapindwa kuelekea mbele, yaani upande unaotazama shabaha. Nautafuta uzito wa ratili 40 hivi upote, yaani kamba ya upinde, ukivutwa sentimita 66. Kazi inafanyika hapa Kibwezi, chini ya mwembe nyuma ya nyumba, na zana karibu zote ni za mafundi wa jua kali: shoka, panga, tupa ya mbao yenye meno makubwa, na kipande cha msumeno wa chuma kilichonyooshwa ukingo ili kikwangue.

Mti ni mkole. Huku ukambani na sehemu nyingine kavu, mkole ndio mti wa mipini, bakora na pinde tangu zamani. Ni mzito, nyuzi zake ni ndefu na zimeshikana, na ukiukunja unarudi. Ganda lake la ndani ni kamba tayari. Kuni nyingi za huku hufungwa kwa maganda ya mkole. Ila mara nyingi huota kama kichaka chenye mashina mengi membamba, na kupata shina lililonyooka la unene wa sentimita tisa ni kutembea sana ukingoni mwa shamba huku umeinua shingo.

Maelekezo mengi ya kutengeneza pinde yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Huko mti hulala majira ya baridi, na kila mwaka huacha mviringo mmoja unaosomeka ndani ya shina. Fundi huambiwa achague mviringo mmoja, auchimbue taratibu, kisha aufuate toka ncha hadi ncha bila kuukata, kwa sababu pale nyuzi zinapokatwa mgongoni, yaani upande unaotazama shabaha (ule unaomtazama mpigaji ni tumbo), ndipo upinde unapoanza kuvunjika. Hapa kwetu hesabu hiyo haishikiki. Mvua zinakuja mara mbili kwa mwaka, na mwaka mwingine msimu mzima unakosa, hivyo mti unaweza kuacha mistari miwili au usiache wowote. Nimekata kipande cha mkole nikakipiga msasa hadi kikang'aa, na sikuona mviringo ambao ningethubutu kuukabidhi shingo yangu.

Jibu la watu wa huku ni jepesi zaidi: mgongo wa upinde uwe ni ule uso wa mti ulio chini ya ganda, wala usiguswe na chuma. Hapo hakuna cha kuchimbua, maana mti umeshajipangia nyuzi zake wenyewe. Jirani yangu mmoja, mzee aliyekuwa akichonga pinde tangu ujana wake, alipokuja kuliangalia gogo hakusema mengi.

"Mwanangu, utachonga wapi?"

"Tumboni tu, Mzee."

"Basi utavuta."

Wiki hiyohiyo: umbo la kwanza

Gogo nimelipasua katikati kwa kabari, si kwa msumeno. Kabari hufuata nyuzi. Msumeno hufuata mkono wa mtu. Nusu moja ilijinyonga kidogo kama propela, nikaiweka kando kwa ajili ya mipini. Nusu nzuri nimelimenya ganda lake kwa mpini wa kijiko. Ganda bichi linatoka lenyewe, halihitaji kisu, na chini yake mgongo ni laini, wenye rangi ya maziwa na unyevu bado.

Nimeacha katikati sentimita 20 ambazo hazitapinda: kumi za mshiko, na tano kila upande za kushukia taratibu hadi kwenye mikono ya upinde, yale mapande mawili yanayopinda. Kila ncha ina sentimita 15 za kupindwa, nazo pia zitakuwa ngumu. Kilichobaki ni sentimita 55 kila upande, na hizo ndizo zitakazofanya kazi yote. Ndiyo maana nimezipa upana wa zaidi ya sentimita nne karibu na mshiko, zikipungua hadi mbili na kidogo pale mpindo unapoanza.

Hesabu ya unene na upana ni vizuri kuijua kabla ya kushika tupa. Ukipunguza upana wa mkono kwa nusu, ugumu wake unapungua kwa nusu. Lakini ugumu hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu: ukiondoa sehemu moja ya kumi ya unene, robo nzima ya ugumu imekwenda na ziada. Ndiyo sababu mtu anaanza na upinde usiopindika, anapiga tupa kidogo, kisha anajikuta na upinde wa mtoto. Kwa sasa nimeacha unene wa sentimita mbili na nusu kila mahali isipokuwa kwenye ncha. Huko nimeshuka hadi milimita 13, kwa kuwa mti mnene haukubali kukunjwa.

Mgongo wa gogo jembamba una kilema chake. Ni wa mviringo, hivyo mvutano wote hukusanyika kwenye mstari mmoja juu kabisa, wakati tumbo ni bapa na lina eneo kubwa la kubeba mgandamizo. Mkole unavumilia hali hiyo kuliko miti mingi, ila ni sababu nyingine ya kutafuta shina nene kadiri inavyopatikana.

Kwenye mkono wa chini lipo fundo dogo, saizi ya punje ya hindi. Sikulisawazisha na mti uliolizunguka. Nimeacha kijivimbe pale, upana umeongezeka kidogo kila upande ili nyuzi zinazolizunguka zisikatwe.

Bado mbichi: mvuke

Kwa nini kupinda ncha kabisa? Upinde ulionyooka nao unaua. Wawindaji wa Wata, ambao wakoloni waliwaita Waliangulu, walitumia pinde zisizo na mbwembwe za ncha kuangusha tembo katika nyika hiihii ya Tsavo, na uzito wa pinde zao ulipita ratili 100. Ila mimi si Mwata, na bega langu halitaki ratili 100.

Ncha iliyopindwa mbele inabadilisha pembe ya upote. Upinde ukiwa umetiwa upote, upote unalala juu ya tumbo la ncha, kana kwamba upinde ni mfupi kuliko ulivyo. Ukivuta, upote unainuka kutoka kwenye mpindo na nyenzo inarefuka. Matokeo yake, mwanzo wa mvuto unakuwa mzito, na mwisho haukabi ghafla kama unavyokaba upinde mfupi ulionyooka. Nguvu nyingi zaidi inahifadhiwa kabla ya kuachia, hata kama uzito wa mwisho ni uleule. Mafundi wa Uturuki na wa nyika za Asia waliufikisha ujuzi huu mbali kwa kuunganisha mti, pembe na kano kwa gundi ya wanyama, pinde zilizochukua miezi mingi, hata mwaka na zaidi, kukauka. Mti peke yake hauwezi kubeba mpindo wa kiasi hicho. Mkole unaweza kubeba ncha ya wastani, na nimeamua ncha iwe ngumu, isiyofunguka wakati wa kuvuta. Mpindo unaofunguka na kujifunga kila mshale hatimaye hunyooka. Mpindo usiofanya kazi hauna cha kuunyoosha.

Wanasema samaki mkunje angali mbichi, na mti ni hivyohivyo. Mvuke unalainisha ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi, na mti wenye unyevu unalainika kwa joto dogo kuliko mkavu. Mti uliokauka kwenye tanuru la mbao ni mgumu kuushawishi. Kwa hiyo ncha nazipinda sasa, gogo likiwa limekatwa karibuni.

Kalibu, yaani umbo la kupindia ncha, nimelichonga kwenye kipande kinene cha mbao ya saiprasi, mzingo wake ukiwa kama wa sahani kubwa. Ncha ya upinde imeingizwa juu ya sufuria ya maji yanayotokota, ikafunikwa kwa gunia lililoloweshwa na sufuria nyingine kubwa juu yake. Kanuni ya maseremala ni saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, hivyo milimita 13 zinataka nusu saa. Niliongeza robo saa kwa kuwa gunia linavuja.

Jambo linalowachanganya wengi hapa ni upande unaohatarika. Upinde ukivutwa, mgongo ndio unaotanuka. Lakini unapopinda ncha kuelekea mbele, mambo yanageuka: mgongo unaingia ndani ya kona na kubanwa, tumbo ndilo linalotanuka, na vibanzi vikiinuka vitainuka tumboni. Basi juu ya tumbo nimelaza ukanda wa chuma, ule wa kufungia makasha ya mizigo, na kuubana na mti pamoja. Chuma kinabeba mvutano, mti unabanwa tu.

Ukiutoa kwenye mvuke huna muda wa kutafuta kitu. Kalibu liwe limeshafungwa mezani, klampu ziwe wazi, blada za tyubu ya baiskeli ziwe begani. Ukihesabu hadi ishirini mti umeshaanza kukataa. Nilimwita mpwa wangu ashike upande wa pili, tukapinda kwa mwendo mmoja wa polepole bila kusita, kisha tukafunga blada kutoka chini kwenda juu. Ncha ya kwanza ilikaa safi kabisa. Ya pili iliinua kibanzi chembamba pembeni ya tumbo, mahali ambapo tupa ingepita hata hivyo; kitaondoka na vumbi.

"Mjomba, sasa tunavuta?" akauliza.

Hatuvuti. Inakaa kwenye kalibu.

Kiangazi: kukauka

Miisho yote miwili nimeipaka gundi nyeupe ya mbao, na mgongo pia, ili unyevu utokee tumboni polepole badala ya kukimbilia miishoni na kupasua. Upinde upo darini, mbali na bati, umefungwa kwenye ubao ulionyooka. Naupima kwenye mizani ya duka la jirani. Uzito ulishuka haraka mwanzoni, ukapunguza mwendo, na sasa namba ni ileile kila nikiupeleka. Mti umelingana na hewa ya hapa.

Kabla ya masika: kulinganisha mikono

Hii ndiyo kazi yenyewe. Yote yaliyotangulia ni useremala. Hapa ndipo gogo linapogeuka upinde au linapogeuka kuni. Yule mtu wa barafu aliyekutwa mwaka 1991 kwenye milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, alikufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita akiwa na upinde mrefu kumpita mwenyewe, na ule upinde haukuwa umemalizwa. Alama za shoka bado zinaonekana. Nikiwa na tupa mkononi namwelewa yule bwana: hakuna atakayeniambia imebaki kiasi gani.

Ukutani nimefunga ubao wenye ngazi za vidato kila sentimita tano, roda chini yake, na mizani ya kuning'inia ile wanayopimia magunia. Upinde unakaa juu ya ubao kwa mshiko wake, kamba inapita kwenye roda, nami navuta nikiwa nimesimama mbali, ninapoweza kuona mikono yote miwili kwa jicho moja. Kusimama mbali kuna faida mbili, ya pili ikiwa ni kubaki na meno upinde ukivunjika.

Kwanza upote mrefu uliolegea, mivuto mifupi tu. Mkono wa juu ulikuwa unapinda karibu na mshiko na kulala ngumu kuanzia katikati. Nilitengeneza kijibao cha urefu wa kiganja chenye tundu katikati na penseli ndani yake, ncha ya penseli ikichungulia milimita mbili hivi. Kijibao kinapitishwa tumboni upinde ukiwa umekunjwa. Mahali tumbo lilipopinda, penseli inaning'inia bila kugusa. Mahali palipobaki ngumu, penseli inachora. Unapunguza palipochorwa, hugusi penginepo. Zana ya bure, na inaona kuliko mimi.

Sheria ninazozifuata ni mbili. Sivuti kamwe zaidi ya ratili ninazozitafuta mwishoni, hata kama upinde umesogea kidogo tu. Kuulazimisha mti ambao bado mnene ni kuupondaponda tumboni kabla ya wakati. Na kila nikipiga tupa, nauvuta na kuulegeza mara nyingi kwa mvuto mfupi kabla ya kuuangalia tena, kwa sababu mti hauonyeshi mabadiliko papo hapo. Tupa iliishia pale mikono ilipoanza kufanana. Tangu hapo ni kukwangua tu kwa kipande cha msumeno, na mara nyingine kwa kioo kilichovunjika, ambacho ukingo wake mpya hakuna chuma cha jua kali kinachoufikia.

Pale penye fundo penseli ilichora kila mara, nami kila mara niliiachia. Sehemu ile inatakiwa ibaki ngumu kidogo.

Nilipotia upote mfupi kwa mara ya kwanza, mambo ya ncha yakajitokeza. Upote ulitoka katikati na kuegemea upande mmoja wa ncha ya juu. Kwenye upinde ulionyooka hilo ni jambo la kukera tu. Kwenye ncha zilizopindwa ni hatari: upote ukishuka pembeni unaunyonga mkono mzima, na unaweza kuruka nje kabisa. Dawa yake ni joto kavu. Nilipaka mafuta sehemu iliyo chini kidogo ya mpindo ili isiungue, nikaishika juu ya makaa hadi mkono usiweze kuigusa, nikainyonga kinyume kwa klampu na kuiacha ipoe yenyewe. Kisha upinde ukakaa siku kadhaa bila kuvutwa, kwa sababu joto limekausha mti kupita kiasi na unatakiwa unywe tena unyevu wa hewa. Baada ya hapo nimechonga mfereji usio na kina kwenye tumbo la kila ncha, upote unalala humo.

Mkono wa chini nimeuacha mgumu kidogo kuliko wa juu. Nafasi kati ya upote na mti ni pungufu kwa milimita nne upande wa chini. Mkono wa mtu unashika chini ya katikati na vidole vinavuta juu kidogo, kwa hiyo mikono iliyo sawa kabisa ubaoni haitakuwa sawa mikononi mwa mpigaji.

Uzito nilioupima mwisho, kutoka tumboni mwa mshiko, upote ukiwa na nafasi ya sentimita 15 upinde ukitulia: sentimita 30, ratili 14; sentimita 40, ratili 22; sentimita 50, ratili 30; sentimita 60, ratili 37; na kwenye sentimita 66, ratili 42, yaani kilo 19. Ukiangalia hizo namba, sentimita za mwisho zinaongeza uzito karibu kwa kasi ileile ya za katikati. Hicho ndicho nilichokipindia ncha.

Masika yakianza: upote

Zamani upote ulisokotwa kwa kano za mgongo au za miguu ya ng'ombe, na bado zipo bucha ukiomba mapema. Lakini kano hunywa maji, na mvua imeanza. Nimetumia uzi wa polyesta wa washona viatu, nyuzi nyingi zilizogawanywa katika mafungu mawili, yakasokotwa kila moja kivyake kulia na kisha kuzungushana kushoto ili yabanane yenyewe. Nailoni nimeikataa kwa sababu inatanuka mno na kuila nguvu ya mshale. Nyuzi ngumu za kisasa zisizotanuka kabisa nazo nimezikataa, maana mshtuko wote zinaurudisha kwenye ncha, na ncha zangu ni mti mtupu. Kwa jumla upote uweze kubeba angalau mara nne ya uzito wa upinde. Wangu unabeba zaidi. Juu yake nta ya nyuki. Kitui, wanakofuga nyuki, haiko mbali, na nta haijawahi kuwa tatizo huku.

Mishale ya kwanza

Shabaha ni gunia lililoshindiliwa nyasi na matambara, mbele ya kichuguu. Kuwinda kumepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na sina mpango wa kubishana na askari wa wanyamapori kwa sababu ya upinde wa ratili 42. Nyoya za mishale ni za bata mzinga. Zamani za tai ndizo zilizotafutwa, lakini tai wa huku wamebaki wachache mno na sheria inawalinda.

Mawano, yaani vijiti vya mishale, yalinipa shida kuliko nilivyotarajia. Mshale hauendi moja kwa moja; ukiachiwa unajipinda na kuuzunguka upinde, na wano gumu kupita kiasi linapiga ubavu wa mshiko na kuelekea kushoto kwa anayevuta kwa mkono wa kulia. Niliyakwangua yale magumu karibu na katikati hadi yakaanza kufuata mstari. Baada ya hapo, hatua ishirini, mishale ilikusanyika kwenye eneo la sinia.

Mzee alikuja, akauvuta nusu, akauangalia mgongo kwa muda mrefu akipitisha kidole gumba, hasa penye fundo. Hakuuachia upote, hakuna mtu wa kazi hii anayeachia upote bila mshale, kwa kuwa nguvu yote ingerudi mtini. Akaniuliza ncha zimenigharimu kuni kiasi gani. Nikamwambia gunia la makaa halikuisha. "Za kwangu hazikuwa na hizi," akasema, "na paa hawakulalamika."

Upote ukiondolewa, mikono inabaki imeinama kuelekea tumboni kwa chini ya sentimita mbili. Kwa mti wa unene huu nimeridhika, mradi isiongezeke. Kilichobaki ni tabaka za mafuta ya kitani kila yanapokauka, nta juu yake, na kipande cha ngozi ya mbuzi kwenye mshiko, kishonwe kikiwa kimeloa ili kikikauka kijibane. Ile nusu ya gogo iliyojinyonga bado iko pale ukutani. Nimeipima tena leo, na kwenye sentimita 120 za katikati imenyooka vya kutosha kwa upinde wa mpwa wangu, wa ncha fupi, ratili 20 hivi. Mvuke utabidi usubiri hadi niiloweshe nusu hiyo.